Utafiti wa ini na moyo unapovuka maji kuja Lamu

Kila inapotajwa habari ya utafiti wa maradhi huku Lamu, husikika hoja mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kwamba watu wa pwani wametolewa damu vya kutosha tangu kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome Trust (mfuko wa utafiti wa Uingereza) kilipoanzishwa Kilifi mwaka 1989, na kwamba fedha sasa ziende kwenye dawa na vitanda. Ya pili ni kwamba dawa iliyojaribiwa Ulaya au Asia haifai kuaminiwa mpaka ijaribiwe kwa watu wanaoishi kama sisi. Zote mbili zina uzito. Naona kosa liko katika kutaka jibu moja kwa maradhi yote, kwani homa ya ini aina ya B, pamoja na saratani inayoifuata, inatupa jibu moja, na maradhi ya vali za moyo, yaani milango inayoelekeza damu ndani ya moyo, yanatupa jingine.

Tuanze na ini. Mwaka 1981 mtafiti Palmer Beasley na wenzake walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 kule Taiwan: hatari ya saratani ya ini kwa waliobeba virusi vya homa ya ini B ilikuwa zaidi ya mara 200 ya ile ya wasiovibeba. Taiwan ikaanza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na katika muda wa takriban miaka kumi saratani hiyo ikapungua kwa karibu nusu miongoni mwa watoto wa miaka 6 hadi 14. Kinachoamua mengi ni umri wa kuambukizwa. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kubaki na virusi hivyo, ilhali kwa mtu mzima uwezekano huo hauzidi asilimia 5. Ndiyo sababu tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mtoto apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Ratiba ambayo akina mama wa Kenya wameizoea kwa miaka mingi huitoa chanjo hiyo ndani ya mseto wa chanjo za maradhi matano, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Ratiba hiyo haikupangwa kwa uzembe. Walioitetea walisema kwamba barani Afrika, tofauti na Asia, maambukizi mengi hutokea baina ya watoto katika miaka ya mwanzo, hivyo chanjo ya wiki ya sita huwahi kuziba sehemu kubwa ya pengo. Tena wanawake wengi hujifungulia nyumbani, mbali na jokofu la chanjo. Nakubali kwamba hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Lakini kadiri chanjo inavyopunguza maambukizi baina ya watoto, ndivyo fungu linalotoka kwa mama linavyozidi kuwa kubwa katika yale yanayobaki. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 inaonyesha kwamba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B hutokea katika kanda ya Afrika, na kwamba ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda hiyo wanaopata chanjo ya kuzaliwa. Kuhusu jokofu, chanjo hii huvumilia joto kuliko nyingine nyingi, na kinachoiharibu upesi ni kuganda. Indonesia, nayo nchi ya visiwa, iliwahi kuwapa wakunga sindano za dozi moja zilizojazwa tayari, wakazihifadhi nje ya jokofu na kwenda nazo majumbani. Anayesema Kizingitini au Kiwayuu, vijiji vya visiwani Lamu, isubiri utafiti wake kwanza anawachelewesha watoto wanaozaliwa leo.

Gharama ya kuchelewa inajulikana. Dawa ya sorafenibu, iliyofungua njia ya tiba mpya mwaka 2008, iliwapa wagonjwa wa saratani ya ini iliyokomaa wastani wa miezi 10.7 ya kuishi badala ya 7.9. Utafiti uliowakusanya wagonjwa kutoka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, uliotangazwa mwaka 2017, ulikuta kwamba nje ya Misri nusu yao hawakufikisha hata miezi mitatu tangu kugunduliwa, na umri wao wa kati ulikuwa miaka 45. Hao ni watu wenye watoto shuleni. Kwa ini, basi, nasimama na wanaosema ushahidi umetosha.

Kwa vali za moyo mambo ni mengine. Ugonjwa huanza kwa koo la mtoto kuumwa na bakteria, hufuata homa ya rumatiki, inayoshambulia moyo, kisha vali hukaza au huvuja. Mapigo yakikosa mpangilio, damu huganda ndani ya moyo na kuleta kiharusi. Madaktari wengi walitarajia kwamba rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda isiyohitaji kupima damu mara kwa mara, ingewafaa wagonjwa wa nchi maskini kuliko warfarini, dawa ya zamani ya kazi hiyo hiyo. Utafiti wa INVICTUS uliotangazwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 4,531 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulileta kinyume chake: waliopata kiharusi, kuganda kwa damu, mshtuko wa moyo au kufa walikuwa 560 kwa rivaroksabani na 446 kwa warfarini. Lau tungeridhika na majaribio ya nchi tajiri, ambako wagonjwa wa namna hii ni wachache, tungewapa watu wetu dawa duni kwa nia njema. Wanaodai utafiti kwa watu kama sisi wana ushahidi mkubwa hapa.

Hata hivyo, matokeo hayo yanataka kusomwa kwa makini. Tofauti kubwa haikuwa katika kiharusi bali katika vifo, na baadhi ya wataalamu wameuliza iwapo warfarini iliokoa watu kwa sababu iliwalazimu kumwona mhudumu kila mwezi. Swali hilo ni zito kwa Lamu. Mgonjwa wa Kizingitini anayetumia warfarini akitaka kupimwa damu Amu, mjini Lamu, hupanda boti, na boti hungoja maji yajae ndipo lipite mlango mwembamba wa bahari uitwao Mkanda. Kusi likivuma kwa nguvu huenda asisafiri kabisa. Wiki hiyo akila mchicha kwa wingi, dawa hupungua nguvu. Akianza dawa nyingine ya maambukizi, huenda damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Kidonge chenyewe hunywewa mara moja kwa siku, hata baada ya kufuturu katika Ramadhani. Shida ni kipimo. Je, mtu huyu ni sawa na yule wa INVICTUS?

Uganda inatoa funzo la aina hiyo hiyo. Katika utafiti wa Gulu, watoto wenye dalili za awali za vali kuharibika walichomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 yao, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Ni matokeo ya kufurahisha, lakini watoto hao walifuatwa na kusaidiwa kwa karibu ili wasikose sindano.

Utafiti ninaoutaka Lamu, kwa hiyo, ni mwembamba. Warfarini ilinganishwe na warfarini: kundi moja lipimwe hospitalini Amu, jingine lipimwe kwa tone la damu ya kidole katika zahanati ya kisiwani na muuguzi aliyefunzwa. Tangu mwaka 2000 Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, limegusia haki ya washiriki kupata tiba iliyothibitika baada ya utafiti kwisha, na sharti hilo liandikwe katika ridhaa kabla ya tone la kwanza kutolewa, likitaja kwamba mashine na vibanzi vyake vya kupimia vitabaki zahanati na nani atavilipia.