Kabla ya Azuma, tafuta kalenda

Wiki iliyopita mdogo wangu anayeishi Birmingham alinitumia picha WhatsApp. Kipande cha plastiki cheupe kwenye meza ya jikoni, kina mistari miwili, mmoja umekolea, wa pili umefifia kama mtu kaanza kuufuta akaghairi. Chini kaandika: "Dada, kumbe korona bado ipo?"

Ipo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha, halikusema ugonjwa umekwisha. Nikamuuliza homa ilianza lini. Akajibu kwamba kapima leo. Sikukuuliza umepima lini, nikamwambia, nimekuuliza ulianza kuumwa lini.

Najua nilisikika mkali. Ila swali hilo ndilo ambalo mimi sikuulizwa na mtu.

Ilikuwa Julai 2021, Dar es Salaam, wiki chache kabla Rais Samia hajachanjwa hadharani pale Ikulu. Ugonjwa wenyewe wengi walikuwa bado hawautaji. Mtu alikuwa na "changamoto ya upumuaji" au "ile homa". Nesi alinisomea majibu kwa sauti ya chini, kama anayenipa habari za msiba. Kutoka pale nikaingia duka la dawa, nikatoka na bahasha nne za kaki: Azuma (antibayotiki, azithromycin), deksa (dexamethasone), vitamini C na zinki. Nikauliza deksa ni ya nini. "Inafungua kifua hiyo." Kifua changu kilikuwa wazi kabisa. Nilikuwa na homa, mafua na mwili unauma. Nikainywa.

Azuma inaua bakteria, korona ni kirusi. Hiyo tuiache. Deksa ndiyo inayoniuma mpaka leo. Waingereza waliijaribu hospitalini kwenye utafiti ulioitwa RECOVERY, na majibu yakatangazwa Juni 2020: kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia ilipunguza vifo kwa theluthi, na kwa waliohitaji oksijeni kwa moja ya tano. Kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuonekana na faida yoyote. Yaani ni dawa ya hatua ya pili ya ugonjwa, na mimi nilikuwa siku ya tatu. Isitoshe, inapandisha sukari, na mama yangu mwenye kisukari alishanunuliwa bahasha zile zile "ili ajikinge". Tuliziwahi kabla hajaanza.

Kwa hiyo nikiulizwa leo mtu akikutwa na korona afanye nini, nasema achukue kalenda. Aweke alama siku ile koo lilipoanza kuwasha, kisha ahesabu kwenda mbele na kurudi nyuma.

Kwenda mbele, kwa sababu ugonjwa huu una ujanja. Wengi wanapona nyumbani kwa kupumzika, maji ya kutosha na paracetamol. Wanaozidiwa, mara nyingi hali hubadilika mwishoni mwa wiki ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, pale ambapo ndugu wameshaacha kupiga simu. Mimi siku ya sita nilifua kanga. Siku ya nane nikabeba ndoo ndogo ya maji kutoka bombani hadi mlangoni, nikajikuta nimekaa kizingitini. Sikuwa nahema. Nilikuwa naongea na jirani vizuri tu, tena nacheka. Yeye ndiye aliyekuwa na oksimita, kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Ikasoma asilimia 93, chini ya kawaida. Nikasema ni rangi ya kucha, nayo kweli huweza kuupotosha usomaji, kama piko. Nikafuta rangi, nikangoja mkono upate joto, nikapima tena. 91.

Tukapanda bajaji. Hospitali nikawekewa oksijeni, na ndipo deksa ikapewa kazi yake halali.

Jambo moja kuhusu kidude hicho. Utafiti wa Marekani uliotoka mwishoni mwa 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kuona oksijeni iliyoshuka karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kikikuambia 94, basi, usijipongeze. Linganisha na ya jana. Ikiwa inateremka, nenda, na ikifika 90 hiyo ni dharura. Kifua kikibana, midomo ikibadilika rangi au mtu akianza kuchanganyikiwa, hata kipimo usikitafute.

Kurudi nyuma ni kugumu zaidi, kwa sababu ni kazi ya simu. Mtu huanza kuambukiza kama siku mbili kabla hajajisikia vibaya. Mimi nilianza kuumwa Jumatano, na Jumatatu nilikuwa kwenye kikoba, tumebanana sebuleni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu. Nilipiga simu kumi na moja. Mmoja alikata nikiwa katikati ya sentensi. Mwingine, mwenye pumu, alinishukuru, na kesho yake akatuma chupa ya uji, ikaachwa mlangoni.

Kuhusu kujitenga, sisi wapangaji wa choo kimoja tuliambiwa mambo yaliyoandikiwa watu wenye vyumba vya wageni. Nilichoweza ni barakoa kila nikitoka, dirisha wazi usiku na mchana, na kula uwani badala ya sebuleni. Ugonjwa unasafiri kwa hewa, hivyo upepo ulinisaidia kuliko ndoo zote za klorini. Mama mdogo akaleta nyungu: mchaichai, majani ya mlimao, mwarobaini. Sikubishana naye, mvuke unafungua pua. Tatizo alitaka tuingie wote wawili chini ya blanketi moja, anisindikize. Nyungu ni ya mtu mmoja, mama, nikamwambia. Alinuna hadi magharibi.

Mdogo wangu, huko aliko, ushauri wa serikali ni kujaribu kukaa nyumbani siku tano, na siku kumi asiwasogelee wazee na wagonjwa. Kuna pia Paxlovid, vidonge vya kupambana na kirusi cha korona, kwa walio kwenye hatari kubwa, lakini inatakiwa ianze ndani ya siku tano tangu dalili zianze, na inagongana na dawa nyingi, kwa hiyo lazima daktari ajue kila kidonge unachomeza. Kalenda tena.

Akajibu hatimaye: "Jumapili jioni. Kesho yake baada ya ile harusi."

"Leo Jumatano, basi uko siku ya tatu. Kati ya uliokaa nao meza moja, umemwambia nani?"

Tiki mbili za buluu. Kimya. Baada ya dakika kumi hivi:

"Nimeanza na bibi harusi. Hapokei."