Seneti inampimia muda mwanafunzi, supavaiza nani anampimia?

Niseme moja kwa moja maana hili jambo limenikaa muda mrefu. Kanuni za masta na PhD kwenye vyuo vyetu vingi vya Tanzania zimeandikwa upande mmoja. Mwanafunzi ana tarehe ya kila kitu, tarehe ya kusajili, tarehe ya prapozo (mpango wa utafiti), tarehe ya kuleta ripoti ya maendeleo, tarehe ya mwisho kabisa ambayo ikipita anaanza kulipa ada ya kuongezewa muda, na ikipita na hiyo anafutiwa usajili. Sasa chukua kitabu hicho hicho cha kanuni utafute supavaiza, yaani mwalimu anayesimamia utafiti wako, asiporudisha sura ya pili ya tasnifu (ile kazi kubwa ya utafiti unayoandika) ndani ya muda fulani anafanywa nini. Mara nyingi hupati kitu, au unakuta ameombwa tu kwa upole awe anasoma kazi kwa wakati na habari inaishia hapo. Refa anayetoa kadi kwa timu moja dakika tisini nzima hata mashabiki wa upande ule mwingine wanajua kuna tatizo.

Wengi nikiongea nao wanadhani hizi kanuni zinashuka kutoka wizarani au TCU. Sio hivyo, au tuseme sio zote. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ilianza 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, ikachukua nafasi ya lile Baraza la Ithibati la 1995, na kazi yake upande huu ni kuweka viwango vya chini ambavyo chuo hakiruhusiwi kushuka. Kuanzia hapo kwenda juu ni chuo chenyewe. Na ndani ya chuo kuna vyombo viwili vikubwa ambavyo watu huvichanganya. Baraza la Chuo ndio lenye mamlaka ya juu, mambo ya hela, mali, ajira, sera. Seneti ndio yenye taaluma, mitihani, mitaala, nani anadahiliwa, nani anahitimu, tasnifu inasahihishwa vipi, na mwenyekiti wake ni Makamu Mkuu wa Chuo. Kwa hiyo ukifutiwa usajili wa PhD yako ujue kuna kikao cha watu wazima, wasomi, walikaa wakakubaliana kwamba mtu wa hali yako afanyweje, na walikubaliana kabla hata hujaomba nafasi.

Safari ya kanuni yenyewe huwa ni ndefu kidogo. Inaanzia idarani au kwenye kurugenzi ya masomo ya uzamili, yaani masta na PhD, inapanda bodi ya ndaki au shule kuu, ambazo ni makundi ya idara, inaenda kwenye kamati ya Seneti inayoshughulika na uzamili, halafu ndio inafika Seneti yenyewe. Kwa karatasi ni utaratibu mzuri sana, kila ngazi inachuja. Ila wote waliomo kwenye hizo ngazi ni walimu! Amidi anayeongoza shule kuu ni mwalimu, rasi anayeongoza ndaki ni mwalimu, mkurugenzi wa uzamili ni mwalimu, na wote wana wanafunzi wao wa kusimamia ambao karatasi zao ziko mezani zinasubiri. Sasa wewe unategemea mtu huyo asimame kwenye kikao apendekeze kwamba supavaiza akikaa na sura ya mwanafunzi wiki sita apewe barua? Simlaumu mtu mmoja mmoja, wengi ni watu wema na wamezidiwa kazi kweli kweli, nasema tu kikao cha watu wa kundi moja kitaona shida za kundi hilo kwanza.

Utaniambia wanafunzi nao wanawakilishwa. Ni kweli, na ni haki iliyopiganiwa, serikali za wanafunzi kama DARUSO ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani zina viti kwenye vikao vya chuo. Ila angalia nani huwa anakalia vile viti. Ni vijana wa digrii ya kwanza, na wana vita vyao vya haki, bumu (mkopo wa wanafunzi) limechelewa, hosteli hazitoshi, matokeo ya sapu (mitihani ya marudio) hayajatoka, watu wanadisko, yaani wanaondolewa chuo kwa kufeli. Mwanafunzi wa masta ni mama wa miaka thelathini na kitu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni anakimbilia kipindi cha jioni, akimaliza kozi weki, yaani masomo ya darasani, haonekani tena chuoni, yuko Singida anakusanya data. PhD ndio usiseme kabisa, mtu anaweza kumaliza mwaka mzima anaongea na supavaiza tu na mke wake. Hawana mgombea wala hawajai ukumbi, na hawawezi kugoma maana wakigoma wanajigomea wenyewe.

Nina rafiki yangu, chuo sikitaji, alimaliza kukusanya data kwa wakati, akaandika, akapeleka sura zake zote kwa mkupuo. Supavaiza alikuwa na konsaltansi, halafu akasafiri, halafu akapewa cheo idarani. Semista nzima ikaisha. Maoni yalipokuja yalikuwa mazuri, tena ya maana, mwenyewe anakiri yalimsaidia sana, lakini yalikuja wakati muda wake wa usajili umeisha na barua ya kuongeza muda inatakiwa iandikwe na yeye, sababu aeleze yeye, na hela alipe yeye. Kwenye ile fomu kuna sehemu ya kujaza sababu za kuchelewa. Unafikiri aliandika ukweli? Fomu hiyo hiyo inapita kwa supavaiza kusainiwa! Akaandika "matatizo ya kifamilia", akalipa, maisha yakaendelea.

Kwanini asiseme? Hapa ndipo watu walio nje ya uzamili hawaelewi. Kwenye vyuo vyetu vingi uzamili alama ya kupita ni B, hiyo C uliyokuwa unashangilia digrii ya kwanza huku umefeli. Na kama una ndoto ya kufundisha chuo, matangazo ya kazi za Mhadhiri Msaidizi yanataka GPA (wastani wa alama) ya masta isiyopungua 4.0. Tasnifu ina uzito mkubwa kwenye hiyo hesabu, na baada ya hapo unahitaji barua ya mapendekezo, na kesho unataka kurudi kwa PhD pale pale idarani. Mtu mwenye akili timamu hawezi kumshtaki anayeshika vitu vyote hivyo. Kanuni zinaruhusu kubadilisha supavaiza, sawa, ila maombi yanapita kwa mkuu wa idara ambaye ofisi yake iko pembeni na ya huyo unayemkimbia. Kwa hiyo ukisikia kwenye kikao wanasema hatujapokea malalamiko msichukulie kwamba mambo yako shwari.

Na hela ni za nani? Bumu kwa sehemu kubwa ni la digrii ya kwanza. Masta wengi wanajilipia, mshahara wa mwalimu wa sekondari unakatwa, au kiwanja kinauzwa. Ada ya kuongeza muda kwa ofisi ya uhasibu ni mstari mmoja kwenye mfumo, kwa mtu huyu ni ada ya shule ya mtoto.

Tukitoka kwa supavaiza tunakuja kwa mtahini wa nje, mwalimu wa chuo kingine anayesahihisha tasnifu. Huyu ni urithi wa zamani, chuo cha Dar kilipoanza 1961 kilikuwa koleji ya Chuo Kikuu cha London na digrii zilikuwa za London, kwa hiyo lazima jicho la nje lihakikishe kwamba mtihani wa huku una uzito ule ule. 1963 ikaja University of East Africa, Dar na Nairobi na Makerere pamoja, 1970 ikavunjika kila nchi ikawa na chake, lakini mtahini wa nje akabaki, na mimi nashukuru alibaki, bila yeye idara ingekuwa inajisahihishia yenyewe. Shida ni ile ile ya muda. Tasnifu inatumwa, mtahini yuko chuo kingine na kazi zake, malipo yake ni madogo na yanachelewa, anakaa nayo. Mwanafunzi hamjui wala haruhusiwi kumuuliza. Anaweza tu kwenda kurugenzi kila baada ya wiki mbili kuambiwa "bado haijarudi". Mahafali yanapita, ajira iliyotangazwa inafungwa.

Sasa ongeza na ile kanuni ya kuchapisha makala kabla ya kuhitimu. Wenzetu Kenya waliiweka kitaifa, viwango vya Tume yao ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014 vinataka mtu wa PhD awe na makala mbili kwenye majarida yenye mapitio, yaani makala husomwa kwanza na wataalamu wengine, na masta moja. Kwetu vyuo vinatofautiana ila upepo unavuma huko huko. Wazo lenyewe nalikubali, kuna tasnifu nzuri sana zimezikwa kwenye makabati ya maktaba hakuna aliyezisoma zaidi ya watahini. Ila jiulizeni wajumbe wa Seneti, muda wa jarida uko mikononi mwa nani? Jarida zuri linaweza kukaa na makala yako miezi mingi kabla hata ya kukujibu hapana. Mengine yanataka malipo kwa dola. Mwanafunzi amebakiza miezi michache asifutiwe usajili, na emaili inaingia inasema tuma makala tutachapisha ndani ya wiki moja. Anafanyaje? Haya majarida tapeli, yanayochapisha chochote mradi ulipe, yalikuwa mengi kiasi kwamba mkutubi mmoja wa Colorado, Jeffrey Beall, alikuwa na orodha nzima mtandaoni mpaka ilipoondolewa Januari 2017, na biashara yenyewe haijafa. Mnamtungia mtu sharti ambalo hana mamlaka nalo, mnampa na tarehe, halafu mnashangaa amekimbilia kwa tapeli. Angalau sharti lingekuwa makala imetumwa na imepokelewa kwenye jarida ambalo idara imelikubali mapema. Majarida yetu wenyewe yapo, TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana yao ya Kiswahili, na mengi ya Afrika yako kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika iliyopo tangu 1998.

Najua jibu litakalokuja, mkilegeza mtazalisha PhD za bei rahisi. Na watataja JKUAT, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Tuliopo kwenye mambo haya tunaikumbuka, Juni 2019 chuo kile cha Kenya kilitunuku PhD 118 kwenye mahafali moja, 89 kati yake kutoka ndaki moja, nchi nzima ikashtuka, chuo kikajitetea na Tume ikaingia kukagua. Lakini somo la pale wengi wanalichukua kichwa chini. Swali lililoulizwa na kila mtu lilikuwa, hawa watu walisimamiwa na nani, na mtu mmoja alikuwa na wanafunzi wangapi? Viwango vile vile vya Kenya vinasema mwalimu asizidishe wanafunzi watatu wa PhD na watano wa masta kwa wakati mmoja. Hiyo ni kanuni inayombana msimamizi na idara! Ukiwa na wanafunzi wengi kuliko uwezo wako lazima moja litokee, uwacheleweshe au uwapitishe bila kusoma. Kuchelewa na urahisi ni watoto wa mama mmoja, mama mwenyewe ni mwalimu aliyepewa watu kumi na tano. Kwa hiyo mimi siombi kulegeza kitu, naomba mkaze na upande wa pili.

Ninachotaka sio kikubwa. Sura ikipokelewa ipokelewe kwenye mfumo, sio mkononi wala WhatsApp, iwe na tarehe. Supavaiza awe na siku zake, tuseme wiki nne kwa sura, na zikipita zile siku zihame, zitoke kwenye hesabu ya mwanafunzi. Saa yake isimame. Hiyo peke yake ingebadilisha mengi maana chuo chenyewe kingeanza kuona ni wapi muda unapotelea, leo hakijui, kinajua tu mwanafunzi amechelewa. Ada ya kuongeza muda isitozwe kama kuchelewa kumetokea ofisini. Mtahini wa nje akipitiliza muda ateuliwe mwingine bila mwanafunzi kuomba. Na idadi ya wanafunzi wa kila msimamizi ibandikwe wazi kwenye tovuti ya idara, mtu akija kuomba nafasi aone kabisa huyu profesa mwenye jina kubwa tayari ana wangapi.

Lingine ambalo linaniuma sana ni kubadilisha kanuni watu wakiwa njiani. Unasajiliwa kwa kitabu cha mwaka huu, mwaka wa pili Seneti inapitisha kipya, unaambiwa sharti jipya linakuhusu na wewe. Umeshapanga bajeti, umeshaomba ruhusa kazini ya muda maalum, mwajiri hana habari na Seneti. Mwanafunzi ahitimu kwa kanuni alizosaini nazo, na mpya zianze na wapya, labda kama mpya ina nafuu kwake na mwenyewe amekubali kwa maandishi.

Kwa ninyi mnaotaka kuomba masta mwaka huu, achaneni kidogo na kuulizia GPA ya 2.7 ya kuingilia, hiyo iko kwenye kila tangazo. Ulizeni kitabu cha kanuni za uzamili ni toleo la mwaka gani na mpewe nakala kabla hamjalipa. Ulizeni waliosajiliwa miaka mitatu iliyopita wangapi wamemaliza. Mkijibiwa kwa kuzungushwa tafuteni wawili watatu waliosoma pale muongee nao pembeni.

Na viongozi wa serikali za wanafunzi mnaoingia Seneti muhula huu, najua ajenda yenu imejaa, lakini wiki moja kabla ya kikao tafuteni wanafunzi wa uzamili hata watano muwaulize karatasi zao ziko kwa nani na zimekaa muda gani. Nendeni na hizo tarehe kikaoni, majina yao bakini nayo ninyi.