Kipimo ni Kichwa

Siku niliyowanunua Jenerali na Katibu, kila mmoja akitoshea kwenye kiganja cha mtoto, muuzaji alinipa maelekezo mbiombio kama mtu mwenye foleni ya wateja. Nilishika mawili. La kwanza, kobe wa maji halishwi nchi kavu. Kwa kweli hilo nalo sikulishika, maana jioni ile niliwatengea chakula kwenye kisahani sakafuni, wakakaa wakinitazama kama wageni wanaongoja mwenyeji aanze. Kumbe hawa hawawezi kumeza bila maji. Nilipowarudisha kwenye tangi na chakula chao, kisahani kizima kilikwisha kabla sijanyoosha mgongo.

La pili: "Chakula chao, kipimo ni kichwa."

Hilo nililielewa vizuri sana. Kichwa kimoja, kikombe kimoja cha kahawa cha zile punje zao. Vichwa viwili, vikombe viwili. Hesabu gani hiyo ya kumshinda mtu mzima?

Mwanzoni walibakiza, na mabaki yakavimba mpaka maji yakafanana na uji na sebule ikanuka. Nikabadilisha maji mpaka kiuno kikaniuma. Lakini walivyokua, ndivyo vikombe vilivyokuwa vikikwisha. Na wakimaliza, wanaomba tena! Ukipita tu, Jenerali ameshanyanyua shingo, anakwaruza kioo kwa makucha, macho ya yatima. Nani angemnyima? Mimi nilimwongeza. Mke wangu, nikiwa kazini, alimwongeza. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwanangu naye alikuwa akimwongeza kabla ya kulala.

Miaka mitano ikapita hivyo, mpaka Jenerali aliposhindwa kuingia ndani ya gamba lake mwenyewe.

Nikampeleka kwa daktari wa wanyama. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea mwezi huo, akasisitiza kwenda nasi. Alimpakata Jenerali ndani ya beseni njia nzima, akimpepea. Daktari akamgusa pua. Kichwa kikaingia ndani, miguu ya nyuma ikachomoza. Akaisukuma miguu, kichwa kikatoka. Minofu ilikuwa imefura kwenye mapaja kama unga uliotiwa hamira.

"Unampa kiasi gani?"

"Kama nilivyoagizwa, daktari. Kikombe kwa kila kichwa."

Akaweka kalamu chini. "Kichwa chake. Punje zisizozidi ukubwa wa kichwa chake. Bila shingo."

Nikakitazama kichwa cha Jenerali. Hakikuzidi ncha ya kidole gumba changu.

Nikaelezwa mengine nikiwa nimeinamisha macho. Kwamba kobe wa aina hii akiwa mchanga hupenda nyama kwa sababu anakua, lakini akikomaa sehemu kubwa ya chakula chake iwe majani, punje siku moja na kuruka siku moja, nyungunyungu mara mojamoja. Saladi ile nyeupe ni maji matupu. Spinachi ya kila siku nayo inamzuia kupata kalisi, na gamba lataka kalisi, kwa hiyo nimwekee kipande cha mfupa wa ngisi akitafune, tena taa yake ya miale kama ya jua isizimwe mchana kwa kubania umeme. (Nilikuwa nikiizima.)

"Na mkate? Kuna anayempa mkate?"

"Hata siku moja!" nikaapa. "Nyumbani kwangu hakuna mtu wa namna hiyo."

Mama mkwe alikuwa akiangalia dari.

Tukaanza majani. Siku ya kwanza Jenerali aliyanusa, akayapa kisogo. Siku ya pili akayakanyaga. Katibu, ambaye hajawahi kuwa na msimamo wake, akamuiga. Siku ya nne nikaona niwasaidie: nikachovya jani majini na kulitikisa polepole, kama kitu kilicho hai. Jenerali akalitazama jani. Kisha akakitazama kidole.

Kobe hana meno, ana mdomo mkali kama wa kasuku, na hiyo ni tofauti ya kitaalamu tu. Nilipiga kelele nikachomoa mkono, naye akaja nao, akining'inia kama pete. Nikarukaruka sebuleni. Mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. Mke wangu akaleta taulo, sijui la nini.

"Rudisha mkono majini, baba," mama mkwe akasema kwa upole akitoka jikoni. "Akiona maji ataachia."

Nikarudisha. Kweli, akaachia.

"Pole sana," akasema, akikitazama kidole changu na kukipuliza. "Wewe una haraka. Mimi nampa mkate wake kila asubuhi, na hajawahi kuning'ata."