Kugombania au kusubiri zamu: nani aamue chaneli ni ya nani?

Vifaa viwili vikirusha data kwa pamoja kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya mawasiliano, mawimbi yanavurugana na pakiti zote mbili (vifurushi vya data vilivyotumwa) zinaharibika. Wahandisi wamelitazama tatizo hili kwa macho mawili. Wapo wanaoacha kila kifaa kijaribu bahati yake, na wapo wanaotaka zamu.

ALOHA, mtandao wa redio uliounganisha visiwa vya Hawaii mwaka 1971 chini ya mhandisi Norman Abramson, ulichagua bahati bila woga: ukiwa na data, tuma, usipopata uthibitisho, subiri muda wa kubahatisha kisha utume tena. Ni rahisi, wala hauhitaji msimamizi wa zamu. Gharama yake ni kwamba hata mambo yakienda vizuri kabisa, takriban asilimia 18 tu ya uwezo wa chaneli ndiyo hubeba data inayofika salama. Kugawa muda katika vipande, kila mtumaji aanzie mwanzoni mwa kipande, kuliongeza kiwango hicho maradufu. Bado zaidi ya nusu inapotea.

Ethaneti, mfumo wa kuunganisha kompyuta kwa waya wa pamoja uliozaliwa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, mwaka 1973, iliongeza adabu kidogo: sikiliza kwanza, tuma waya ukiwa kimya, nyamaza ukigundua mgongano. Migongano ikiendelea, kipindi cha kubahatisha kinarefushwa, na baada ya majaribio 16 kifaa kinakata tamaa. Wakosoaji walikuwa na hoja nzito hapa: hakuna anayeweza kukuahidi pakiti itafika lini.

Token Ring, mtandao wa zamu wa IBM, iliweza kuahidi. Tokeni, ujumbe mfupi wa ruhusa ya kutuma, ilizunguka kompyuta hadi kompyuta, aliyeishika ndiye aliyetuma, na muda mrefu zaidi wa kusubiri ulikokotoleka. Lakini hata mtandao ukiwa mtupu, mwenye data alisubiri tokeni imfikie. Ikipotea, ilibidi pawepo kompyuta ya kuitengeneza upya. Kadi zake za kuunganisha kompyuta na mtandao nazo zilikuwa ghali, na Ethaneti ikachukua soko. Wengi huuita huo ushindi wa kugombania. Sikubaliani nao. Kilichoshinda ni bei na urahisi. Kugombania kwenyewe kuliondolewa baadaye na swichi, visanduku vya kuunganishia vifaa, zilizokipa kila kifaa waya wake.

Hewani huwezi kumpa kila mtu waya wake, ndiyo maana mjadala umebaki hai kwenye Wi-Fi. Simu mbili zilizo pande tofauti za ruta, kifaa kinachorusha Wi-Fi, huenda zisisikiane kabisa. Kila moja ikaona hewa ni kimya, zikatuma pamoja, zikagongana masikioni mwa ruta. Kuna na dhuluma isiyoonekana haraka: kifaa chenye kasi ndogo hupata nafasi sawa na wenzake, ila kila nafasi yake hula muda mrefu zaidi, na wenye kasi wanaburutwa naye. Usawa wa nafasi si usawa wa muda. Wi-Fi 6 imeipa ruta mamlaka ya kugawa chaneli vipande na kupanga nani atume wapi, jambo ambalo mitandao ya simu imelifanya miaka mingi.

Kwa mitambo ya kiwanda isiyovumilia kuchelewa, mimi niko upande wa zamu moja kwa moja. Kwa vifaa vingi vinavyokaa kimya na kutuma mara chache, kuvitengea zamu ni kutupa muda. Tena zamu haijitoshelezi: simu inapowashwa mnara haujui kwamba ipo, kwa hiyo ombi lake la kwanza hurushwa kwa kubahatisha, na likigongana na la simu nyingine, hurudiwa.