Barafu ya Malindi

Barafu ilinipata mara ya kwanza nikiwa nimevaa shati la mikono mifupi, jasho linanitiririka mgongoni, na Bahari ya Hindi iko mbele ya pua ya ndege. Nilikuwa natoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Malindi na kindege cha Cessna 172 cha zamani, kile cha kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Huko chini joto nyuzi 29, na mvua ya usiku ilikuwa haijakauka ardhini. Nikapunguza nguvu ya injini nianze kushuka. Dakika chache baadaye mizunguko ya propela ikawa inapungua yenyewe. Nikaongeza mafuta kidogo, nikidhani goti langu limegusa mahali. Ikapungua tena. Halafu injini ikakohoa, nami nikamkumbuka mama yangu.

Ukimwambia mtu wa Pwani kwamba ndege iliganda barafu Malindi, atakuuliza umekunywa nini. Lakini kabureta ni friji. Petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto, na hewa inayopenya kwenye koo jembamba la kabureta hupungua shinikizo ikapoa zaidi. Kwa pamoja joto huweza kuanguka kwa nyuzi 20 hadi 30 papo hapo. Hewa kavu haina cha kugandisha. Hewa ya Pwani imebeba maji tele, na maji hayo huganda kwenye koo na kwenye kibamba kinachoruhusu hewa kupita, hadi injini inakosa pumzi. Wakati wa kushuka ndio mbaya kupita yote, maana kibamba kimekaribia kufunga na upenyo uliobaki huzibwa na barafu kidogo tu.

Dawa yake ni kishikizo kimoja, cha kuleta hewa iliyopashwa moto na bomba la moshi. Nilikivuta chote. Injini ikazidi kukohoa, ikatetemeka kama matatu mbovu, na mkono ukaniwasha kukirudisha. Hapo ndipo penye mtego. Kinachosikika ni barafu inayeyuka na injini inameza maji yake. Ukirudisha kishikizo umejifungia tena ndani ya friji. Nilivumilia kwa sekunde ambazo sikuzihesabu, mizunguko ikapanda. Ningechelewa zaidi, huenda kishikizo kisingenifaa kitu, kwa kuwa joto lenyewe hutoka kwenye injini ile ile. Ikizimika, bomba linapoa.

Sasa kero yangu. Sura ya barafu tuliisoma darasani kama hadithi ya Alaska. Picha za mabawa meupe, marubani wenye makoti mazito, maswali ya mtihani tunayoyakariri na kuyasahau. Mwalimu akasema kwa mkato, "hii si ya kwetu," akafungua ukurasa mwingine. Alikosea, na ninaamini bado wako wengi wanaokosea hivyo. Barafu ya kwetu haiishi kwenye bawa. Inaishi ndani ya injini, kwenye joto, katika vindege vidogo vya kabureta ambavyo wanafunzi wengi huanzia.

Hata ile ya bawani tusiidharau moja kwa moja. Karibu na ikweta huanza kuganda kwenye futi 16,000 hivi, na kindege cha pistoni hufika huko kwa nadra. Lakini Caravan, ndege ndogo ya abiria ya injini moja, ndani ya mawingu juu ya milima ya Aberdare, ikitafuta mwinuko wa usalama, haiko mbali na hapo. Agosti 2024 ndege aina ya ATR 72 ilianguka Vinhedo, Brazil, ikaua watu 62, na taarifa ya awali ya wachunguzi ilieleza mazungumzo ya marubani kuhusu barafu. Brazil si Alaska.

Msukosuko wa hewa hatuupuuzi hivyo, kwa sababu abiria hupiga kelele. Huuita mashimo ya hewa. Shimo halipo, ipo hewa inayopanda na hewa inayoshuka, na milima yetu ni hodari wa kuitengeneza. Chukua milima ya Ngong. Upepo wa mashariki hupanda upande wa Nairobi, ukivuka kilele unamwagika kuelekea Bonde la Ufa. Kwenda Maasai Mara si neno, bonde linakufungukia mbele. Kasheshe ni kurudi: unaelekea ukingo wa mlima, upepo unakupiga usoni, na hewa unayoipanda inashuka. Injini inavuta kwa nguvu zake zote, sindano inasema unashuka. Ndiyo maana naukaribia ukingo kimshazari, kama nyuzi 45, ili nikishindwa nigeuke upesi kurudi penye nafasi. Anayeuelekea moja kwa moja amejinyima mlango wa nyuma.

Ukianza kurushwa, punguza mwendo. Kitabu cha Cessna 172S kinataja noti (maili za baharini kwa saa) 105 ndege ikiwa na uzito wa kilo 1,157, na noti 90 tu ikiwa na kilo 862. Wanafunzi hushangaa: ndege nyepesi ndiyo iende polepole? Naam, kwa sababu dhoruba ile ile huirusha nyepesi kwa ukali zaidi, kama mtumbwi mtupu baharini. Kisha shika mabawa sawa na uiache ndege ipande na kushuka futi mia mbili tatu. Nimeona rubani akigombana na usukani kuulinda mwinuko, jasho tupu, ilhali yeye mwenyewe ndiye alikuwa anaongeza misukosuko. Mwarifu mwongozaji wa ndege aliye ardhini, upate ruhusa ya kupanda na kushuka hivyo, upumzike.

Na saa pia ni chombo cha rubani. Jua la alasiri juu ya Magadi huchemsha hewa kama uji. Asubuhi hewa hiyo hiyo imelala. Kuna mteja alitaka tuondoke saa tisa alasiri kwenda Mara, baada ya mkutano na chakula, turudi kabla ya giza. Nikamwambia saa moja asubuhi. Akasema rubani mwingine amekubali saa tisa. Nikamtakia safari njema, nikaenda kunywa chai.