Busu la Jumatano ya Majivu

Mwaka wa 2024 Valentaini iliangukia Jumatano ya Majivu, siku Wakatoliki wanapoanza Kwaresima kwa kufunga na kupakwa majivu pajini. Ni jambo la nadra. Lilitokea 1945, likatokea 2018, na litatokea tena 2029, kwa hiyo wale mnaopendana na Wakatoliki bado mna muda wa kujipanga. Mimi nimelelewa Kipentekoste, ambako tunafunga pasta akitangaza, si kalenda ikitaka. Na mpenzi wangu ni Mkatoliki kindakindaki. Anafundisha historia katika shule moja ya upili huku Eastlands, hivyo hata mimi namwita Mwalimu.

Alinipigia simu mapema wiki hiyo kunieleza masharti. Siku hiyo hakuna nyama. Mlo kamili ni mmoja tu, na ile midogo miwili hata ukiijumlisha isiufikie huo mmoja. Nikamuuliza: na kubusu, ni nyama? Akanyamaza kidogo, kisha akasema ataulizia. Mpaka tunakata simu sikujua kama anatania.

Tulikutana jioni nje ya Archives, pale ambapo nusu ya Nairobi husimama kuisubiri nusu nyingine. Februari yetu mnaijua, jua halina adabu. Nilikuwa nimejipaka mafuta usoni na poda juu yake, nang'aa. Mwalimu akaja kutoka misa ya Holy Family na msalaba wa majivu uliotoka kwenye nywele ukashuka mpaka kwenye nyusi. Majivu yale hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, na padre wa siku hiyo hakuwa bahili nayo. Mkononi alishika waridi za City Market, ambazo bei yake hupanda kila ifikapo tarehe hiyo utadhani zimetoka ng'ambo, na Naivasha ni hapo tu. Nzuri zaidi nadhani zilishapanda ndege kwenda Uholanzi. Sikusema. Nilinusa, nikashukuru.

Mkahawa wa choma ulikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa imekufa.

Sasa, Mwalimu habusu hadharani. Wazazi wa wanafunzi wake wako kila kona ya mji huu. Ukimshika mkono tu Moi Avenue, kesho yake kidato cha pili kizima kina habari. Kwa hiyo alingoja mpaka tukawa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mahali balbu ilipoungua. Akavua miwani, akaitia mfuko wa shati. Akaegemeza paji la uso wake kwenye langu, akafumba macho, akatulia hivyo kwa muda mrefu mpaka nikashuku anasali. Huenda alikuwa anasali kweli. Kisha akanibusu. Nami nikamkumbatia kwa nguvu za mtu aliyengoja tangu Krismasi, na mfukoni mwake kukalia kraa!

Kioo kimoja cha miwani kikachomoka, kikashuka ngazi moja moja, tin, tin, tin, kikaenda kusimama mbele ya buti za mlinzi aliyekuwa akipanda.

“Mkimaliza,” akasema, “chukueni mali yenu.”

Bila miwani Mwalimu haoni hata ubao wake mwenyewe. Nikamshika mkono nikampandisha, maua kwapani.

Mhudumu aliyetujia alikuwa na msalaba wake pajini, mdogo, wa heshima. Nikaagiza mbuzi choma nusu kilo, ugali na kachumbari, na samaki wa Mwalimu. Hakuandika. Alinikazia macho juu kidogo ya macho yangu.

“Sista. Leo?”

“Ndiyo, leo.”

“Mbuzi?”

“Kwani wameisha?”

“Mbuzi wapo.” Akainama, akashusha sauti. “Lakini tuna tilapia mzuri sana. Shetani ni mjanja, sista, hasa akikuletea maua.”

Nikamwona kimbelembele. Kabla sijamjibu akamgeukia Mwalimu, sauti imepoa: “Wewe bwana huna shida. Nikuletee robo ya mbuzi?”

Mwalimu, aliyekuwa ameshinda na chai na kipande cha mkate, nusura alie. “Mimi nimefunga!” Mhudumu akalichunguza paji lake, ambalo jasho na poda yangu vilikuwa vimelifuta likabaki na doa la kijivu lisiloeleweka. “Sawa bwana,” akasema, kwa ile sauti ya kumjibu mlevi anayedai hajaonja. Akaandika tilapia wawili, akaondoka.

Basi tukawangoja hao samaki. Nikamchokoza Mwalimu: huyo Valentino mwenyewe angemkataa mbuzi? Hapo ndipo alipochangamka. Akaniambia Valentino aliuawa Roma katika karne ya tatu, akazikwa kando ya barabara ya Flaminia, na kwamba ile habari ya kuwafungisha askari ndoa kwa siri ni masimulizi yaliyokuja baadaye sana. Huyo alikuwa shahidi wa dini, mambo ya mapenzi hayakumhusu.

“Mapenzi yaliingia lini?”

“Karne ya 14. Mshairi Mwingereza, Geoffrey Chaucer, aliandika kwamba siku hiyo ndege hukusanyika kuchagua wenzi.”

“Ndege?”

“Ndege.”

“Basi tungekula kuku.”

“Kuku ni nyama.”

Kuna wanaoitafuta asili ya siku hii kwenye Luperkalia, sherehe ya Warumi ya tarehe 15 Februari. Mwalimu haafiki, anasema ushahidi wa kuziunganisha ni haba, lakini alinisimulia hata hivyo: walichinja mbuzi, wakakata ngozi yake vipande, kisha vijana wakakimbia mjini karibu uchi wakiwachapa wanawake, na wanawake walijitokeza wachapwe wakiamini itawasaidia kupata watoto.

“Unaona!” nikapiga meza. “Mbuzi!”

“Sista,” mhudumu akanionya alipokuwa akipita na sinia la wengine.

Halafu Mwalimu akanimalizia kabisa. Mwaka wa 1969 Kanisa lilimwondoa Valentino kwenye kalenda yake ya jumla kwa kuwa yanayojulikana juu yake kwa hakika ni machache mno, na 14 Februari wakaachiwa Watakatifu Sirili na Metodi.

“Kwa hiyo haya maua ni ya Sirili na Metodi?”

“Ni yako,” akasema, akiutazama mtungi wa maji.

Nilimpandisha matatu ya kwao, nami nikadandia ya Umoja. Makanga akaniambia, “Mtakatifu, songa nyuma.” Nikadhani ni kwa sababu ya waridi. Mama mmoja akanipisha dirishani, akanipapasa bega, akaniuliza kama nimefunga vizuri. Nikamjibu ndiyo, maana mbuzi sikumwona.

Naishi kwa shangazi, na shangazi ni mzee wa kanisa letu. Alifungua mlango, akanitazama pajini, akatazama maua, akarudi pajini.

“Umebatizwa lini?”

“Nikiwa kidato cha kwanza, shangazi. Ulikuwepo.”

“Nasema huko Katoliki.”

Akanivuta mpaka kwenye kioo cha sebuleni. Hapo ndipo nilipouona: msalaba mzimamzima umekaa juu ya mafuta na poda, umelalia upande, mkono mmoja umevutwa hadi juu ya nyusi. Shangazi hakungoja maelezo. Alikuwa ameshampigia mama Bungoma, ameweka spika. “Mtoto amehama dini. Na ana maua. Hapa kuna ndoa inafichwa.” Nikasikia mama akimwita baba. Nikasikia redio ikizimwa.

Nikapiga picha paji langu, nikamtumia Mwalimu ili anisaidie kujitetea. Mtu asiye na miwani atasoma picha? Akapiga simu kuuliza nimemtumia nini. Shangazi akaipokonya.

“Wewe kijana! Umemfanyia nini binti yetu?”

Kimya. Najua alichokuwa akifikiria: yule mlinzi wa ngazini, na jinsi habari zinavyotembea Nairobi.

“Ni busu tu, shangazi,” akasema Mwalimu. “Moja. Na nilimuuliza padre kwanza.”

Shangazi akakaa kwenye kochi. Bungoma kukawa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu baba akakohoa.

“Huyo anayemuuliza padre, mwambieni aje aniulize na mimi. Na asije mikono mitupu. Mbuzi wa mahari hawafungi Kwaresima.”