Akwaria Kisumu: kwa nini ulipie kioo na ziwa liko pale?

Mwambie mkazi wa Kisumu awapeleke watoto kuona samaki kwenye tangi la kioo, naye atakuuliza: nilipie nini na Ziwa Victoria liko pale Dunga, ufukwe wa wavuvi? Swali lina uzito. Dunga mtoto anaona mashua zikirudi, omena zikianikwa, mbuta (sangara) akipasuliwa. Asichokiona ni samaki akiishi. Maji ya Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo Kisumu, yamejaa matope ya mito na mwani, na sehemu nyingi hata mita moja chini huoni kitu. Wengi wetu tunamjua samaki wa ziwa hili kuanzia kwenye sufuria.

Hapo ndipo tangi linapojitetea. Chukua fulu, samaki wadogo wa ziwa hili wenye spishi nyingi. Jike huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakishaanza kuogelea bado hukimbilia humohumo wakiona hatari. Dume huvaa rangi, nyekundu au samawati, na jike humchagua kwa rangi hiyo. Maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, na spishi zilizokuwa mbalimbali huanza kuzaliana. Ongeza mbuta, mlaji wa samaki wenzake aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, na utaelewa kwa nini kufikia miaka ya 1980 mamia ya spishi za fulu yalikuwa yanatoweka. Mtoto wa darasa la nne analishika hilo kwa dakika 10 mbele ya kioo safi. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yana matangi ya samaki wa ziwa. Ni madogo, na udogo huo si aibu.

Wanaotaka kikubwa zaidi, papa na handaki la kioo, wana hoja: familia hufuata kinachoshangaza. Ila wapige hesabu. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 50,000 litahitaji kilo 1,750 za chumvi maalumu kabla ya samaki wa kwanza kuingia, na kila ukibadilisha asilimia 10 ya maji, kilo 175 nyingine. Akwaria ya Monterey Bay huko California, iliyofunguliwa 1984, ilijenga jina lake kwa kuonyesha ghuba iliyo mlangoni pake, na maji inayavuta humohumo; usiku huyaingiza bila kuyachuja. Kisumu iige wazo, isiige bomba. Maji ya Winam yasipopita kwenye chujio la mchanga, wageni watalipia kutazama ukijani.

Samaki wa tangi jipya mara nyingi huuawa na haraka. Kinyesi chao hutoa amonia, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali sana, huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa kwenye chujio. Mwenye tangi akiwajaza samaki siku ya ufunguzi ili picha zipendeze, wiki ya pili anaokota mizoga. Kosa jingine ni kuosha chujio kwa maji ya mfereji: klorini inaua bakteria walewale. Lioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini. Na stima ikipotea, pampu ya hewa isiyo na betri inasimama, na tangi lililosongamana ndilo huanza kupoteza samaki.

Wanaopinga kufungia wanyama nao wasikilizwe. Mbuta hukaribia mita 2. Hana haki ya kuishi kwenye sanduku. Ngege asilia, aina ya tilapia wa ziwa hili, wamebaki kwenye maziwa madogo kama Kanyaboli, Siaya, na kuwavua huko kwa ajili ya maonyesho ni kubomoa ghala la mwisho. Afadhali wazalishwe tangini. Kwa fulu inawezekana: wamezalishwa hivyo Ulaya na Marekani kwa miaka mingi.

Kwa mzazi, tangi moja lililotazamwa vizuri linashinda kumi ya kupita mbio. Uliza saa ya kulisha, zima mweko wa kamera, na mtoto asigonge kioo, kwani samaki huusikia mtikisiko kwa mwili mzima. Kisha mtafute kamongo, samaki mwenye mapafu anayepanda juu kuvuta hewa. Atakuwa peke yake, maana anauma na huwala majirani, na juu ya maji yake lazima pawe na nafasi ya hewa: tangi likijazwa hadi kifuniko, samaki huyu anazama na kufa. Mpe mtoto saa, ahesabu dakika kati ya pumzi moja na nyingine.